Bakuli Lililofunikwa Jani

"Mnunuzi huonekana ajapo, kastoma huonekana asipokuja." Methali hii haina umri mkubwa. Kule milimani Upare wapo watu wanaoijua asili yake, na mmoja wao ni Bibi Nakiete, kwa sababu siku methali ilipozaliwa, mama yake alikuwapo, tena alikuwapo akibisha.

Bibi Nakiete aliisema jioni moja akiwa uani, ungo wa maharage mapajani. Mjukuu wake Eliwaza alikuwa ndiyo kwanza amefungua genge la mboga na sabuni karibu na kituo cha mabasi, akarudi nyumbani anang'aa uso.

"Bibi, leo kastoma walijaa mpaka nikakosa pa kugeukia."

"Hongera, mjukuu wangu," bibi alisema. "Mungu awaongeze. Lakini hao ni wanunuzi. Makastoma utawajua baadaye." Ndipo akaitoa methali yake, polepole, kama mtu anayetoa kitu sandukuni.

Eliwaza alimtazama binamu yake Zakayo, naye Zakayo akacheka. "Bibi, kastoma si neno la Kizungu? Wazee wa huku walilitoa wapi mpaka likaingia kwenye methali?"

"Kaeni mnisaidie kuchambua," bibi alisema. "Maharage haya ni mengi, na hadithi yenyewe si fupi. Methali hii ilianza hivi."

Miaka ile barabara ya kupandia milimani ilikuwa bado inachimbwa kwa sururu na majembe, na mtu aliyetaka kununua au kuuza alingoja gulio. Gulio la Kwamrinde lilikuwa siku ya Alhamisi. Tangu alfajiri ungewaona watu wakishuka kutoka kila upande wa mlima, wanawake wamejitwika mikungu ya ndizi na matenga ya viazi, wanaume wanavuta mbuzi. Kutoka tambarare walipanda wenye magadi, wenye ugoro na wenye vyungu. Hapakuwa na paa wala meza. Kila muuzaji alikuwa na pahali pake, na pahali pale palikuwa pake hata asipokuwapo. Mtu akiugua wiki mbili, akirudi alipakuta wazi, pamefagiliwa na jirani. Hayo yalikuwa mambo ya kawaida. Siku hizi ukiyasimulia, watu wanadhani unapamba.

Katika gulio hilo alikuwapo mjane mmoja aitwaye Namkunda, muuza makande. Mahindi yake aliyatwanga mwenyewe, maharage aliyachagua moja moja, na chungu chake kilikaa juu ya mafiga tangu usiku. Aliyekula alimiminiwa maziwa ya mgando juu, akaketi kwenye nyasi, akamaliza, akashukuru. Aliuza pamoja na wifi yake Elinasi, dada wa marehemu mumewe, ambaye ndiye aliyeshika kata ya maziwa. Elinasi alikuwa na sauti ya kusikika mlima wa pili na ulimi usiolala. Huyo Elinasi ndiye aliyemzaa Bibi Nakiete.

Wauza chakula wa Kwamrinde walikuwa na desturi yao. Chungu kinapofunuliwa, mteko wa kwanza hauuzwi kwa aliye mbele. Unapakuliwa kwenye bakuli, unafunikwa kwa jani la mgomba, na juu ya jani linawekwa jiwe dogo. Hilo ni bakuli la mtu ambaye hajafika lakini atafika. Desturi hiyo waliiita kumfunikia mtu. Na jani likishawekwa, halifunuliwi na mwingine, hata kama chungu kimekwisha na wenye njaa wamesimama.

Namkunda alimfunikia Mzee Kajiru.

Mzee Kajiru alikuwa mchonga mipini ya majembe na mashoka. Aliishi peke yake ng'ambo ya bonde, mke amekwisha kufa, mabinti wameolewa mbali huko tambarare. Maneno yake yalikuwa machache. Kila Alhamisi, jua likiwa limepanda kiasi, alitokea na mzigo wa mipini begani, na mkono wa pili ameshika kifurushi cha vipande vikavu vilivyobaki katika kuchonga. Kifurushi hicho alikiweka karibu na mafiga ya Namkunda bila kusema kitu, kwa kuwa aliona jinsi anavyosumbuka na kuni mbichi wakati wa mvua. Kisha aliketi, akafunua jani lake, akala. Alipomaliza alilisuuza bakuli kwa maji ya kibuyu chake mwenyewe, akalirudisha limeinamishwa.

"Asante, mama," alisema.

"Karibu, mzee wangu."

Hayo tu. Kulikuwa na siku walizozungumza zaidi, lakini hazikuwa nyingi. Namkunda alikuwa amezoea. Mkono wake ulikuwa ukichota mteko wa kwanza kabla kichwa hakijakumbuka ni wa nani.

Sasa, wakati huo alikuwa amerudi kutoka Tanga kijana wao mmoja, Sefania, aliyekuwa amefanya kazi katika duka kubwa huko mjini. Alijenga kibanda cha bati pembeni mwa gulio, akapanga chumvi, viberiti, mafuta ya taa na kanga. Alikuwa kijana mwenye adabu, ila alirudi na maneno ya mjini, na yeyote aliyenunua kiberiti alipewa neno moja bure. Neno alilolipenda zaidi lilikuwa hilo la kastoma. "Karibu kastoma." "Kastoma wangu, kanga hii ndiyo imeingia." Watu wakacheka, wakalizoea.

Alhamisi moja kibarua cha barabara kilifika karibu na Kwamrinde. Wachimbaji waliweka sururu zao chini, wakaingia gulioni kwa pamoja, vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Nyapara wao alikuwa Bwana Mhina, Mzigua wa Handeni, mtu mnene, mcheshi, asiyebania watu wake. Walisimama mbele ya chungu cha Namkunda, wakala, wakarudia, wakakwangua. Elinasi alimwaga maziwa mpaka kibuyu kikakauka. Tangu Namkunda aanze kuuza, chungu kilikuwa hakijawahi kwisha mapema kiasi kile.

Bwana Mhina mwenyewe alikuwa wa mwisho, kwa sababu aliwatanguliza vijana wake. Alipofika, chungu kilikuwa kitupu.

"Mama, naona hapo kuna kimoja umekificha," alisema, akionyesha bakuli lenye jani. "Au hicho ni cha nyapara?"

"Hicho kina mwenyewe, baba," Namkunda alijibu.

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Anakuja."

"Mimi nimekwisha kuja. Nitalipa mara mbili, na wiki ijayo nitawaleta tena hawa wote."

"Nashukuru, na nisamehe sana," Namkunda alisema. "Lile jani si langu tena. Ngoja nikutafutie ndizi za kuchoma kwa mwenzangu hapo."

Bwana Mhina hakukasirika. Alicheka mpaka tumbo likatikisika, akasema kumbe milimani bakuli nalo lina mchumba, akaenda zake kutafuta ndizi. Lakini Elinasi alikuwa amekwisha kuweka mikono kiunoni.

"Wifi, wewe una kichaa cha polepole. Mtu analeta kikosi kizima, unamfukuza kwa ajili ya kibabu kinachokula bakuli moja na kunyamaza?"

"Sikumfukuza."

"Umempeleka kwenye ndizi. Ni kumfukuza kwa adabu."

Sefania, ambaye kibanda chake kilikuwa karibu, alisogea. "Shangazi, samahani nikiingilia. Kule Tanga tulifundishwa kwamba kastoma hakataliwi. Na yule nyapara ndiye kastoma hasa. Ana fedha, ana watu."

Namkunda alikuwa akifuta kata yake kwa jani. Hakuwa mtu wa kubishana. "Hebu nieleze, mwanangu. Hilo neno lako kila siku nalisikia. Maana yake nini hasa?"

"Maana yake mtu anayenunua kwako."

"Huyo si mnunuzi? Neno tunalo. Waingereza waliona haja gani ya kuongeza jingine?"

Sefania alikuna kichwa. Alikuwa mkweli, na swali lilimfanya akumbuke. "Karani wetu mmoja alitueleza. Alisema limetoka kwenye neno lao la zamani lenye maana ya desturi, mazoea. Zamani huko kwao, mtu aliyezoea kwenda duka hilohilo kila mara, ndiye aliyeitwa hivyo. Mtu wa desturi. Siku hizi wanamwita yeyote tu."

"Ahaa," Namkunda alisema. "Basi zamani walisema vizuri zaidi. Mtu wa desturi." Akalitazama bakuli. "Yule baba wa barabara ni mtu mwema, lakini leo ndiyo kwanza nimemwona."

Hapo ndipo alipolitazama jua. Jua lilikuwa limevuka utosi zamani. Pahali alipozoea kukaa Mzee Kajiru palikuwa na nyasi zilizosimama wima, hazijakaliwa na mtu.

Alisuuza vyombo, akavipanga. Akazima moto, akawapa majirani makaa. Wenye mbuzi walianza kuondoka, kisha wenye viazi. Bakuli likabaki na jani lake na jiwe lake.

"Mzee Kajiru hakuja," alisema mwishowe.

"Nami nimeona," Elinasi alijibu. "Pengine ameenda kwa binti zake."

"Angeaga."

"Pengine amechoka na chumvi yako."

"Angekuja aseme." Namkunda aliinuka, akalifunga bakuli vizuri kwenye kanga, jani likiwa bado juu. "Naenda kwake."

Elinasi aliduwaa. "Uende kwake wapi? Wewe mjane, yeye anakaa peke yake, si ndugu yako, si mkwe wako, hamna hata ngoma mliyowahi kucheza pamoja. Watu wakikuuliza umefuata nini nyumbani kwa mwanamume, utasema nini?"

Swali hilo halikuwa dogo. Siku hizo mwanamke hakuingia tu katika ua wa mwanamume aishiye peke yake. Aliyeingia alikuwa na jambo: ametumwa, au ni wa ukoo, au kuna msiba. Namkunda alisimama kidogo akitafuta jambo lake, na wifi yake akiona jinsi anavyolitafuta.

"Nitasema mimi ndiye muuzaji wake," alisema. "Nitasema nimeleta makande."

Elinasi alivuta pumzi, akaifungua kanga yake na kuifunga upya kwa nguvu, kama mtu anayekwenda kugombana. "Basi twende wote. Nisije nikaulizwa mimi peke yangu."

Sefania alisema atavitunza vyombo, wasiwe na wasiwasi navyo, akaviingiza kibandani mwake kimoja kimoja.

Njia ya kushukia bondeni ilipita penye kibarua cha barabara. Bwana Mhina alikuwa ameketi juu ya gogo, anamalizia ndizi.

"Naam, bakuli linasafiri," alisema. "Sasa mnampelekea mpaka nyumbani. Mwenzenu nimekula ndizi kavu."

"Hakuja, baba," Namkunda alisema. "Na si kawaida yake. Huyu mzee mchonga mipini, Mzee Kajiru."

Nyapara aliacha kutafuna. "Yule mzee mpole? Mbona namjua. Mipini ya sururu zangu hizi ni kazi yake, aliniletea tukiwa bado kule chini. Leo alikuwa aniletee mingine."

"Hakukuletea?"

"Hakuja. Nikanunua kwa mtu mwingine." Akaiangalia mipini mipya iliyoegemezwa kwenye gogo. Bwana Mhina akajifuta mikono kwenye suruali, akaita vijana wawili wenye nguvu. "Chukueni mtaimbo na kamba. Tunawasindikiza hawa mama. Barabara haina miguu, tutaikuta hapahapa."

Walivuka kijito, wakapanda upande wa pili. Nyumba ya Mzee Kajiru ilikuwa ndogo, ua umefagiliwa. Namkunda alisimama nje ya ua kama ilivyo heshima, akapiga hodi. Akapiga tena. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kamba kwa nje, na kando yake, imeegemezwa ukutani, ilikuwapo mipini ya gulioni imefungwa mzigo tayari. Kifurushi cha vipande vya kuni kilikuwa juu yake. Majivu ya jikoni yalikuwa baridi.

Jirani wa ng'ambo ya shamba, mama mmoja aliyekuwa akipalilia, alisimama akawauliza wanamtafuta nani.

"Mzee Kajiru."

"Si yuko gulioni? Leo Alhamisi."

"Gulioni hakufika."

Yule mama aliweka jembe chini. Tangu asubuhi hakumwona, na hakushangaa hata kidogo, maana Alhamisi Mzee Kajiru haonekani nyumbani. Ndivyo ilivyokuwa. Watu wa nyumbani walijua yuko gulioni, na watu wa gulioni walijua yuko nyumbani, na kati ya kujua huko kwa pande mbili mtu mzima alikuwa amepotea mchana kutwa.

"Alfajiri hupenda kwenda kunawa mferejini," jirani alisema. "Huko juu, karibu na miti ya mikole."

Wapare wana ndiva zao tangu kale. Ndiva ni bwawa lililochimbwa na kujengewa ukingo, maji ya kijito hujikusanya humo, na wakati wa kumwagilia ukifika huzibuliwa, maji yakashuka kwa kishindo kwenye mfereji mpaka mashambani. Siku ya gulio, maji yalingojwa mpaka watu warudi kutoka sokoni. Ilikuwa karibu wakati huo.

Walifuata mfereji kwenda juu. Namkunda alikuwa mbele, bakuli kifuani. Hakujua aite vipi. Jina la mzee kulipaza hovyo si adabu, na hodi haipigwi porini. Akaita kama anavyoita gulioni chungu kinapofunuliwa.

"Makandee. Makande yamefika."

Kimya. Ndege tu. Akaita tena.

Kutoka chini ya ukingo, mbele kidogo, sauti nyembamba ikajibu:

"Yamepoa?"

Walimkuta amelala ndani ya mfereji, kichwa upande wa juu, mguu mmoja umebanwa na jiwe kubwa la ukingo. Asubuhi aliinama kunawa, ardhi iliyolowa ikateleza, ukingo ukamfuata. Midomo yake ilikuwa imepasuka na vidole vimechubuka kwa kuchimba chini ya jiwe. Lakini macho yalikuwa mazima.

Namkunda aliliweka bakuli ukingoni, akaingia mferejini na nguo zake, akamwinua kichwa akakiweka mapajani. "Tumekuja, mzee wangu. Tumekuja."

"Ndiva," mzee alisema. "Huzibuliwa jioni. Mwambieni mgawa maji."

Wote wakatazama juu. Ndiva ilikuwa mbali, juu ya kilima, na huko ukingoni alionekana mtu mdogo kama mwiko, ameinama. Hakuna mguu ambao ungefika kwa wakati.

Basi hapo Mungu alijua kwa nini alimpa Elinasi ile sauti. Alipanda juu ya jiwe, akaziba sikio moja kwa kiganja, akafungua kinywa. Alimwita mgawa maji kwa jina lake, na kwa jina la baba yake, na kwa jina la mkewe, akamwambia kama atazibua maji hayo leo, yeye Elinasi atakuja kumzika akiwa hai. Mlima wa kwanza ulipokea, wa pili ukarudisha. Mtu wa ndivani alisimama wima. Maji ya kwanza yalikuwa yamekwisha kutoka. Yaliteremka kama ulimi, yakampita mzee begani, yakampanda Namkunda mpaka kiunoni pale alipoketi, naye akakishika kichwa cha mzee akakiinua zaidi. Kisha yakapungua. Yakawa machirizi. Yakakatika.

"Sasa," Bwana Mhina alisema. Vijana waliingiza mtaimbo chini ya jiwe, yeye mwenyewe akaweka bega, wakalisukuma. Lilikataa, likatikisika, likabingirika. Mguu ulikuwa umevunjika, ila mtu alikuwa mzima.

Wakakata miti, wakafunga kamba na kanga ya Elinasi, ikawa machela. Kabla hawajamwinua, Mzee Kajiru alitazama huku na huku, na Namkunda akaelewa. Alilifungua bakuli, akalisogeza. Mzee mwenyewe, kwa mkono uliochubuka, alitoa lile jani. Akala matonge mawili, akatafuna taratibu watu wote wamesimama wakimngoja.

"Leo umezidisha chumvi," alisema.

Namkunda alicheka, na machozi yake yakamwagika hapohapo, asijue ni ya furaha au ya hofu iliyompita.

Walimbeba kwa zamu mpaka barabarani, na gari la kokoto la Bwana Mhina likampeleka hospitali ile jioni.

Alikaa huko mpaka mvua za vuli zikaisha. Alhamisi aliyorudi gulioni alikuja polepole, na mkongojo aliouchonga mwenyewe, na watu walimpisha njia tangu ukingoni mwa gulio. Alikuta bakuli lake limefunikwa. Safari hii hakula kwanza. Bwana Mhina alikuwapo, Sefania alikuwapo, na Bwana Mhina alikuwa na jambo lililomkaa rohoni.

"Mzee, nisamehe," alisema. "Siku ile na mimi nilikuwa nakungoja. Nikaona huji, nikaenda kwa mwingine."

"Hukukosea," Mzee Kajiru alisema. "Ulitaka mipini, mipini ukapata." Halafu akasema maneno mengi kuliko yote aliyowahi kuyasema pale. "Nilipokuwa nimelala mle mferejini, nilifanya kazi ya kuwaza tu. Nikawaza, ni nani leo atakayeona kwamba sipo? Mabinti wako mbali. Jirani anajua niko gulioni. Nikaona huenda hakuna. Nikafumba macho. Kisha nikakumbuka kwamba liko bakuli moja, nalo haliwezi kujifunua lenyewe. Nikafumbua macho, nikaendelea kuchimba."

Namkunda aliinamia mafiga akapuliza moto ambao haukuhitaji kupulizwa.

"Shangazi," Sefania alimwita. "Siku ile nilikufundisha neno vibaya."

"Hukunifundisha vibaya, mwanangu. Ulisema mtu wa desturi. Mimi nimeongeza chumvi tu, si unajua mkono wangu." Watu wakacheka. Naye akainua uso, akasema kwa sauti yake ya kawaida, akiwa hana habari kwamba anatunga kitu: "Mnunuzi huonekana ajapo. Kastoma huonekana asipokuja."

"Lakini nyapara ni kikosi kizima," Elinasi alisema, kwa sababu asingeweza kuacha.

"Wifi, kaa kimya umimine maziwa," Namkunda alisema.

Sefania aliyachukua maneno yale akayasema kwa kila aliyenunua kiberiti, na wale wa magadi wakayashusha tambarare, na wachimbaji wa Bwana Mhina wakaenda nayo mbele na barabara yao.

Hapo Bibi Nakiete alimaliza hadithi. Maharage yalikuwa yamekwisha kuchambuliwa, ingawa hakuna aliyekumbuka kuinua ungo. Gulio la Kwamrinde sasa lina paa na namba za vizimba, alisema, na ni jambo zuri, watu hawanyeshewi. Namkunda na Mzee Kajiru wamekwisha kulala, kila mmoja kwa uzee wake. Elinasi, mama yake mwenyewe, alikuwa wa mwisho, na mpaka mwisho aliwaambia watu kwamba hakuna kastoma aliyewahi kuokolewa kwa bakuli bila mtu wa kupiga kelele.

Zakayo alicheka. Eliwaza hakucheka. Alikuwa akiwapitisha moyoni wote waliokuja gengeni kwake, sura baada ya sura, na nyingi zilikuwa zimekwisha kufutika.

"Bibi," alisema baada ya kitambo, "nimepata mmoja tu. Mama Nasero, anayenunua nyanya mbili kila jioni. Huyo asipokuja, nitajua."

"Anakaa wapi?"

Eliwaza alitikisa kichwa. "Sijui."

"Kesho muulize," bibi alisema, akajikongoja kuinuka na ungo wake. "Mmoja anatosha kuanzia. Wengine wote wape bei nzuri na uwasalimu vizuri, maana nao ni watu wa Mungu. Ila usichanganye mambo, mwanangu. Mnunuzi huonekana ajapo. Kastoma huonekana asipokuja."